Pima Darasa Watoto Wakiwamo

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Likoni aliniuliza anunue kifaa gani cha kupimia hewa ya darasa lake kabla hajakutana na bodi ya shule. Swali lake limenitonesha kidonda, kwa kuwa mimi nami niliwahi kusimama mbele ya bodi, huko Changamwe, nikiwa na vipimo nilivyoviamini kabisa, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Nilikuwa nimepima wakati wa likizo ya Agosti, madarasa yakiwa matupu na upepo wa kusi ukipenya madirishani. Kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tunapopumua, ilikaribia ile ya nje, yaani sehemu 420 hivi katika milioni, nami nikaandika kwamba hewa ni safi. Mzazi mmoja akasimama, akaniuliza iwapo nimewahi kuketi humo saa nane mchana mwezi wa Machi, chini ya mabati, watoto sitini wakipumua pamoja. Sikuwa na jibu, na hadi leo swali lile hunichoma.

Machi nilirudi, nikaketi nyuma ya darasa, kifaa kikiwa kwenye kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pumzi ya mtu. Haikupita nusu saa kabla ya kipimo kuvuka 1,000, kiwango alichokipendekeza Max von Pettenkofer, mtaalamu Mjerumani wa usafi na afya, mwaka 1858, si kwa kuwa gesi hiyo ni sumu kwa kiasi hicho, bali kwa kuwa huonyesha hewa mpya haitoshi. Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu: madirisha ya upande wa barabara yalifungwa ili malori ya bandarini yasimfunike mwalimu sauti, na yale ya upande wa pili yalizibwa kwa pazia ili jua lisiwake ubaoni. Shirika la Afya Duniani hushauri kelele zinazoingilia somo darasani zisizidi desibeli 35, na hapo lori moja tu lilitosha kuzivuka.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usipime hewa peke yake. Pima joto, unyevu, mwanga na kelele kwa wakati mmoja, watoto wakiwamo, uandike saa, idadi yao, na kila dirisha lililofungwa pamoja na sababu ya kufungwa kwake. Najua unatamani, kama mimi, ripoti itakayoifanya bodi itoboe matundu ya hewa ukutani. Basi usikimbilie duka la vifaa. Anza kwa kuketi dawati la nyuma, saa nane mchana, kaskazi ikiwa imelegea.