Moyo ni pampu, lakini usimcheke anayeushika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Hisia hukaa moyoni au kichwani?" Kichwani. Hilo halinisumbui. Linalonikera ni jingine: mtu anafika zahanati ameshika kifua, anasema moyo unamwenda mbio, anapimwa umeme wa moyo, karatasi inatoka safi, anaambiwa "huna kitu, punguza mawazo". Karatasi ile hurekodi kama sekunde 10 tu, na moyo wenyewe ulishatulia akiwa bado kwenye bodaboda.

Nianze na upande wangu, wa kichwa. Ushahidi ulipatikana Utah, Marekani, tarehe 2 Desemba 1982. Barney Clark alikuwa daktari mstaafu wa meno, miaka 61, moyo umechoka hata kulala chali ni shida. Daktari William DeVries aliviondoa vyumba viwili vya chini, akaacha mabaki ya vile vya juu, akashonea hapo pampu iitwayo Jarvik-7. Kazi hiyo ilichukua saa saba hivi. Mirija miwili ilipita tumboni hadi kwenye mtambo wa hewa uliokaribia kilo 180, kwa hiyo Clark hakuweza kwenda popote mbali na mashine yake. Na kasi ya mapigo waliipanga mafundi, kwenye mtambo.

Inasemekana mkewe, Una Loy, aliwauliza madaktari kama mumewe ataweza bado kumpenda. Wapo waliolicheka swali lile. Sisi wa lugha hii hatuna haki ya kucheka: kwetu mtu hufa moyo, hupiga moyo konde, hukaa roho juu, hukatwa maini kwa maneno na hutumbukia nyongo. Kifua na tumbo vimejaa mambo yetu, ubongo hatujaupa hata methali ya maana. Clark alizinduka, na mapenzi yalikuwapo. Hayakutupwa pamoja na ile nyama.

Aliishi siku 112. Alipatwa na degedege, valvu ikavunjika mwezi uleule wa Desemba akafunguliwa tena kifua, akatokwa damu puani, akapita vipindi vya kuchanganyikiwa na huzuni nzito. Akafariki tarehe 23 Machi 1983. Huzuni bila moyo, basi. Lakini hapa ndipo hoja yangu inapoanza kuyumba: pampu ile haikuwa na neva. Angeshtuka usiku, asingesikia kishindo kikimgonga mbavuni. Je, hofu isiyogonga ni hofu ileile?

Sidhani. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, ina nyuzi nyingi zaidi za kupeleka habari juu kuliko za kuleta amri chini, kama 80 kwa 100. Ubongo hukaa unasikiliza. Na kichwa nacho huweza kuuumiza moyo: mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa takotsubo, ambao mara nyingi hufuata msiba au mshtuko mkubwa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Ncha ya moyo hulegea na kuvimba mfano wa mtungi wa kutegea pweza (sisi tunamfuata miambani kwa kijiti, wao humtegea chungu). Dalili ni za shambulio la moyo kabisa, ila mishipa haijaziba. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, wachache hufa.

Kwa hiyo kabla ya kusema "ni mawazo", hesabu. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima. Mapigo yanayopanda taratibu, yakafika kileleni ndani ya dakika 10, huku midomo na vidole vikifa ganzi, mara nyingi ni shambulio la hofu: mtu amehema kupita kiasi, kaboni dayoksaidi imeshuka kwenye damu. Yanayowaka ghafla kama swichi, yakaenda 150 hadi 220 na kukatika ghafla, huenda ni hitilafu ya umeme wa moyo. Huyo anahitaji kifaa cha kuvaa kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24, na apimwe pia damu na tezi la shingo. Maumivu yanayopanda taya au mkono, jasho baridi, kuzimia: hospitali, sasa hivi.

Jibu langu basi nalipunguza makali. Hisia ni za kichwa, lakini nusu ya habari zake huzitoa kifuani, na hiyo "nusu" msinipimie kwa rula. Ndiyo maana kuvuta pumzi sekunde 4 na kuitoa sekunde 6, kwa dakika tano, hushusha mapigo na hofu pamoja, kwa wengi, si wote. Ule mfuko wa karatasi anaopewa mwenye hofu apumulie ndani yake uachwe. Kama kumbe ni shambulio la moyo au pumu, mnamnyima oksijeni.