Watu 400 hawatakuokoa: takwimu kwa anayeandika ripoti ya utafiti

Msimu wa difensi ukifika, wanafunzi wanapotetea ripoti zao chuoni, simu yangu inajaa data za watu na swali ni lile lile, "kaka nitumie testi gani ya takwimu?" Mi kabla ya kujibu naomba dodoso kwanza, nione maswali yaliulizwaje, maana aina ya data ndo inaamua. Kuna kazi nililetewa, majedwali yamepangwa safi kabisa, ndani kuna mstari unasema wastani wa jinsia ni 1.47. Jinsia jamani! SPSS, ile programu ya kuchakata takwimu, haina habari kwamba 1 ni mwanaume na 2 ni mwanamke, yenyewe imeona namba ikajumlisha ikagawanya. Jinsia, dini, wilaya, hizo unatoa idadi na asilimia, basi. Wastani waachie umri, uzito, kipato na wenzao.

Na hata kwenye kipato uwe makini. Tuseme umehoji wafanyabiashara 7 sokoni, kwa siku wanapata 8,000, 9,000, 10,000, 10,000, 11,000, 12,000, halafu yupo muuza jumla mmoja anapata 80,000. Wastani unakuja 20,000, sasa nani hapo anapata 20,000? Hakuna. Zipange kuanzia ndogo, chukua ya katikati, 10,000, hiyo ndo mediani na ndo inayofanana na soko lenyewe.

Sasa sampuli, hapa ndo wengi wanakwama. Kila chapta ya tatu (ile ya mbinu za utafiti) ninayoletewa ina fomula ya mtakwimu Yamane ya 1967, N gawanya kwa 1 jumlisha N mara e kipeo cha pili, N ikiwa idadi ya watu wote na e kiwango cha kosa unachokubali. Chuo cha wanafunzi 1,200 kwa e ya 0.05 unapata 300, wakiwa 10,000 unapata 385, weka milioni moja unapata 400 na haivuki hapo hata uingize Tanzania nzima. Watu wanaona kama uchawi, ila jamii ikishakuwa kubwa, usahihi unategemea umehoji wangapi na sio wapo wangapi. Kumbuka pia fomula hiyo ni ya kukadiria asilimia, ukitaka kulinganisha makundi hesabu yake ni nyingine.

Shida ni kwamba fomula inachukulia umechagua watu kwa bahati nasibu. Wewe umetupa linki kwenye grupu la WhatsApp wakajibu waliojisikia, hapo 385 yako ni pambo tu. Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri Alf Landon anachukua urais, Roosevelt akambwaga kwenye majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, enzi za mdororo wa uchumi, na wengi waliotumiwa karatasi za maoni hawakurudisha. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali akapatia mshindi. Kwahiyo supavaiza akiuliza kuhusu sampuli usikimbilie fomula, mwambie majina uliyatoa wapi, uliwachaguaje, na wangapi waligoma.

Thamani ya p nayo, ile namba testi inayokupa. Mtu akipata 0.03 anaandika eti kuna uhakika wa asilimia 97 kwamba nadharia tete yake, yaani dhana aliyotaka kuipima, ni kweli. Hapana, inasema hivi: kama kiukweli kusingekuwa na tofauti yoyote, nafasi ya kupata data yenye tofauti kama hii au zaidi ni asilimia 3. Ile 0.05 haikushuka na msahafu, mtakwimu Ronald Fisher aliitumia kwenye kitabu chake cha 1925 kama mpaka unaofaa kikazi, watu wakaing'ang'ania. Ukiwa na wanafunzi 50,000, wastani wa alama 60.8 na 61.2 unaweza kukupa p chini ya 0.01, ila hakuna shule itabadilisha ufundishaji kwa alama 0.4. Ukipata 0.06 usiandike "hakuna tofauti", pengine sampuli ilikuwa ndogo, na usianze kufuta wahojiwa mpaka ishuke (nawajua!). Andika tofauti yenyewe ni kiasi gani, kando yake weka kiwango cha chini na cha juu cha makadirio kwa asilimia 95, halafu p ije baada ya hapo.