Sakafu ya chumba cha bibi

Mwanangu, mama, habari za huko? Sisi huku Mpwapwa wazima, bibi yako anakusalimia sana, jana jioni kala ugali wa uwele na mlenda kamaliza, nimefurahi maana wiki ilopita alikuwa anadonoa tu.

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema fundi wa nyumba yako ya Iyumbu, Dodoma, anataka kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, wiki ijayo, na wewe kabla hajamwaga unafikiria uweke ule mfumo wa kupasha moto sakafu, nyumba nzima, kama ile nyumba ulokaa Seoul wakati wa masomo, kwa sababu bibi anahamia kwako na mwaka jana mwezi wa saba alivyokuja pale ulipopanga Kisasa alilalamika miguu usiku kucha. Unauliza baba niweke au nisiweke. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga, simu unakuwa kazini tunakatizana.

Nyumba nzima usiweke mama. Chumba cha bibi nitakueleza mbele.

Seoul mwezi wa kwanza usiku inashuka mpaka nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, kule sakafu ya moto ndo inayomfikisha mtu asubuhi, na wenzetu hawajaanza jana, ile ondol yao ya zamani ulonisimulia moto ni wa jikoni, moshi unapita chini ya mawe ya sakafu ya chumba ndo unatokea upande wa pili, na ndo maana wanavua viatu wanakaa chini wanalala chini. Sisi Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya bahari, Juni na Julai usiku inashuka kwenye 13, 14, na ule upepo mkavu unauma kweli, sibishi, ila ikifika saa nne asubuhi jua limeshawaka na mchana ni 26, 27. Sasa mabomba ya maji ya moto ukiyafukia kwenye zege, zege haliwi kama pasi, linachukua masaa kushika moto na masaa kuuachia. Ukiwasha jioni bibi anaanza kuusikia usiku wa manane, alafu jua likishatoka bado sakafu inakupa moto ambao huuhitaji tena.

Na kuna jambo ambalo sidhani kama umelifikiria. Huo mfumo ili moto usipotelee ardhini lazima chini yake uweke bodi za kuzuia joto, zile nyeupe nyepesi kama zinazokuja kwenye boksi la TV. Ukizitandika nyumba nzima umejikata na ubaridi wa ardhi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua haijanyesha, bati limewaka, kinachotuokoa hapa ni sakafu, wewe mwenyewe ukiwa mdogo ulikuwa unaacha kitanda unalala chini kifua wazi mama yako anakugombeza. Baridi yetu ni kama miezi miwili, joto ni refu kuliko hiyo. Usiiharibu sakafu ya miezi yote kwa ajili ya hiyo miwili.

Ya umeme nimekupigia hesabu kwenye daftari. Badala ya mabomba ukiweka zile nyaya za umeme za kupasha sakafu, zinakula kama wati 150 kwa mita moja ya mraba. Nyumba yako ukitoa makabati na vitanda inabaki kama mita 80, hiyo ni kilowati 12, yaani ampia 52 kwa umeme wa fezi moja, hujawasha jiko wala pasi. Masaa matano kwa usiku ni uniti 60. LUKU ya elfu kumi saivi inatoa uniti kama 28, kwa hiyo ni zaidi ya elfu 21 usiku mmoja, hata kama swichi yake ya joto inajizima na kujiwasha ikakupunguzia theluthi bado ni pesa ya kusomesha mtoto. Maji ya moto ya sola yangeweza, jua tunalo, ila hapo unaongeza pampu, koki, tenki, na fundi wa kukutengenezea siku ikigoma utamtafuta Dar.

Nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mimi nimeanza usaidia fundi 1979, mji ulikuwa umeshatangazwa makao makuu toka 1973 kazi zilikuwa nyingi, nimemwaga sakafu nyingi mno. Kuna nyumba moja mwenye nyumba alipitisha bomba la maji ya moto chini ya sakafu, sisi tukaambiwa mwageni, hakuna aliyelijaza maji kwa presha kwanza tuone kama linashika. Mwaka haukuisha tailizi za korido zikaanza kulia koo koo ukizikanyaga, niru ya ukutani ikafura. Nikaitwa kuvunja. Nilipiga tindo siku mbili nimepiga magoti, nilipolifikia bomba nikakuta limebonyea mahali padogo kama ukucha, na pembeni alama ya gurudumu la toroli bado ipo kwenye zege. Toroli letu. Yule mzee hakunidai ila mimi nimelibeba mpaka leo. Ndo maana kitu chochote cha maji ndani ya zege nakiogopa, sio kwamba hakifai, kinataka mtu asimame pale toka asubuhi mpaka linamwagwa lote huku geji ya presha anaiona.

Sasa miguu ya bibi. Ile usiku nilolala kwako Kisasa nilimsikia anahangaika, nikaenda nikaishika miguu yake, baridi kama chuma. Nikakaa chini pale pale. Mkono mmoja nikaweka kwenye tailizi mwingine kwenye mkeka wake, chumba ni kimoja hewa ni moja lakini tailizi inauma na mkeka hauumi, maana tailizi inanyonya joto la mwili haraka na mkeka unakuachia. Alafu nikawasha kiberiti nikakisogeza chini ya mlango, moto ukalala wote kuelekea ndani. Nikapeleka kwenye dirisha la vioo vya kupishana, moto ukazimika kabisa. Bibi yako alikuwa amelala kwenye upepo. Juu hakuna silingi bodi, ni bati tupu, joto lote la mchana linaondoka na bati saa moja jioni.

Yeye kakulia kwenye tembe mama. Udongo juu unene wa mkono, kuta za miti na udongo, mlango mmoja mdogo, mafiga humo humo, ndama pembeni, analala kwenye ngozi ya ng'ombe. Hakukuwa na upepo wa kumpiga miguu. Tumemtoa humo tukamweka kwenye tailizi inayong'aa na dirisha linalopitisha baridi, halafu tunashangaa analia.

Kwa hiyo nyumba yako kwanza tuzibe. Chumba cha bibi kipigwe silingi bodi, dirisha liwe la aluminiamu linalofunga na mpira wake, mlango uwekewe mpira chini. Na naomba umbadilishie chumba, mpe kile ulichosema cha wageni, dirisha lake linatazama kaskazini, upande wa Kondoa. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba jua linapita kaskazini, litaingia mpaka kitandani kwake, na Novemba mpaka Januari jua limehamia kusini hilo dirisha liko kivulini. Huo moto ni wa bure na unajizima wenyewe wakati wa joto. Chini usimwekee tailizi ya kuteleza, weka ile ya kukwaruza kidogo na juu yake mkeka na zulia.

Ukifanya yote hayo na Julai inayokuja bado analalamika, basi mwekee zile nyaya, chumba chake tu. Zile zinakaa kwenye gundi ya tailizi, juu ya jamvi sio ndani yake, kwa hiyo hiyo haraka ya wiki ijayo haipo. Mita 8 za pale anapokanyaga, wati 1,200, masaa matano uniti 6, kama elfu mbili na mia kwa usiku, hiyo mimi na wewe tunaiweza. Ila mwambie fundi chumba hicho ashushe levo ya jamvi sentimita 2 na nusu ili bodi ya kuzuia joto ipate nafasi baadae, na apitishe paipu tupu toka kwenye mein switchi mpaka pale. Waya wake uwe na breka yake ya kukata umeme ukivuja na ethi ipimwe kweli, udongo wa huku mkavu ethi nyingi ni jina tu. Na bibi asiwekewe godoro chini juu ya hizo nyaya, unajua anavyopenda kulala chini, godoro linafungia moto, nyaya zinaungua na yeye miguu yake haisikii vizuri kwa ajili ya sukari, anaweza kuungua asijue.

Jiko la mkaa chumbani usiku usimruhusu hata akikuomba kwa machozi. Atakuomba. Ule moshi usioonekana unaua mtu usingizini, na chumba tukishakiziba ndo hatari inazidi. Mpe soksi za sufu na chupa ya maji ya moto umeifunga kwenye kitenge, iwe ya uvuguvugu sio ya kuchemka.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, nabeba paipu yangu ya levo. Mwambie fundi amwage sebule na korido akitaka, chumba cha kaskazini aniachie mpaka nifike.

Baba yako