Skrini Inayong'aa au Isiyong'aa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninahariri picha za harusi mchana, barazani kwangu hapa Moshi. Je, ninunue kompyuta mpakato yenye skrini inayong'aa au isiyong'aa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kazi ya barazani ninakushauri bila kusita uchague isiyong'aa, kwa sababu uso wake wenye vinundu vidogo mno hutawanya mwanga unaouangukia, ilhali ile inayong'aa huurudisha kama kioo cha kujitazamia, ukaliona anga badala ya shela la bibi harusi. Ni kweli kwamba inayong'aa huonyesha weusi uliokolea zaidi, lakini faida hiyo huonekana katika chumba chenye mwanga hafifu. Kabla ya kulipa, tafadhali mwombe muuzaji aiwashe nje, mlangoni pa duka.