Punda anayeshtuka na kugoma njiani: nimfundishe upya au nimuuze?

Mkuu, wewe uliyeandika kutoka Chamwino, umesema una punda dume wa miaka mitatu anayeshtuka kila bodaboda ikipita, anagoma njiani, na juzi kaangusha madumu yote ya maji. Sasa unataka kumpeleka mnadani. Nakuomba usubiri kidogo. Mimi niko Bahi, nimekua na punda nyumbani, na niliwahi kuwa na wa aina hiyo hiyo. Watoto walimwita Kijivu.

Jambo la kwanza: punda akiogopa, mara nyingi hatimki mbio kama farasi. Anasimama. Anakaza miguu, anaelekeza masikio kwenye kitu kinachomtisha, anakipima. Sisi tunaita ukaidi na kushika fimbo. Ukimchapa hapo anajifunza kwamba bodaboda ikija, na maumivu yanakuja, kwa hiyo kesho ataiogopa zaidi. Kijivu alikuja kwangu ameshafundishwa hivyo. Nikiinua mkono kujikuna kichwa tu, alikuwa anafumba macho na kusubiri.

Kabla ya kumfundisha chochote, mkague mwili. Nilipomfunua Kijivu gunia la mgongoni nilikuta kidonda kipana kama kiganja juu ya mabega, manyoya yamegandia humo. Alikuwa akifungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inaegemea pale. Punda hana, ubao unamkaa juu ya mfupa. Punda anavuta kwa kifua, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana wa kifuani. Angalia pia kwato, na chungulia masikioni: kupe wakijaa mle ndani, punda hatakubali umvishe hatamu hata umbembeleze vipi. Kidonda cha Kijivu kilichukua wiki sita kupona na hakubeba kitu muda wote huo. Ilikuwa mwezi wa tisa, visima vimekauka, nikawa nasukuma madumu kwa baiskeli. Ilikuwa tabu kweli, lakini sikuona namna ya kumfundisha mnyama utulivu huku mzigo unamchubua.

Jioni za wiki hizo nilikaa tu zizini, pumba kidogo kiganjani, bila kumfuata. Siku ya tisa alikuja mwenyewe akanusa kofia yangu. Nikamkuna taratibu juu ya mabega, kando ya kovu, mahali ambapo punda hukunana wao kwa wao. Mdomo wa juu ukaanza kumcheza. Tangu siku ile sikuhitaji kumkimbiza kumkamata.

Kwenye madumu nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kuambiwa na mtu. Nilidhani dumu nusu litakuwa jepesi kwake, kumbe maji yakiwa nusu yanapiga kelele na kuyumba, na yeye hawezi kuona ni nini kinachomgonga mbavuni. Nikarudi nyuma. Nilianza na magunia mawili ya majani makavu, siku chache, halafu madumu mawili madogo yaliyojazwa hadi shingoni na kufungwa vizuri. Akatembea kama hakuna kitu. Na wako bado ni mdogo, mkuu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na punda wetu wengi hawafiki hata kilo 150. Mpunguzie mpaka afikishe miaka minne, mifupa ikomae.

Bodaboda nilianza nayo ikiwa imezimwa, imeegeshwa karibu na zizi, aizunguke na kuinusa kwa muda wake. Halafu kijana wa jirani akaiwasha mbali, kila siku akisogea kidogo. Masikio yakisimama tunaishia hapo kwa siku hiyo. Muda wote huo pembeni yake nilimfunga jike wangu mzee asiyejali kelele yoyote, na nasema kwa dhati kwamba yule jike alifundisha zaidi yangu. Punda humsoma mwenzake.

Baada ya miezi mitatu Kijivu alizoea bodaboda na bajaji. Malori ya barabara ya Singida hakuyazoea kamwe, na mimi nilikuwa nimehamia kando ya lami. Hapo ndipo nilipoamua kumtafutia kwa kwenda. Mnadani sikumpeleka: kule anayetoa bei ndiye anayeondoka naye, na humjui anampeleka wapi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini mimi bado nataka kumjua mnunuzi wangu kwa sura na kufika kwake.

Nilimpata mama mmoja kijiji cha ndani, mbali na lami. Alikuja mara tatu kabla hatujazungumza bei, akamvisha hatamu mwenyewe, akaenda naye kisimani na kurudi. Nikampa wote wawili, Kijivu na jike, kwa bei ya chini kuliko ambayo ningepata nikiwatenganisha. Miaka ya nyuma niliwahi kuuza punda peke yake, akamwacha mwenzake aliyekua naye. Yule aliyebaki aligoma kula, na ndani ya wiki alikufa. Afisa mifugo alinieleza kwamba punda asipokula, mafuta ya mwili hujaa kwenye damu na ini linashindwa kufanya kazi. Bado linaniuma.

Kama mnunuzi wako yuko mbali, pitia kwa afisa mifugo wa kata upate kibali cha kusafirisha mnyama, na mwambie mnunuzi ukweli wote: anaogopa nini, anashikwa upande gani, anakunwa wapi. Kuhusu mkanda wa kifuani, wa Kijivu niliushona kwa mkanda wa gari uliochakaa, nikaweka gunia laini kwa ndani. Mpime wako kifua kwa kamba, kutoka bega hadi bega, uniandikie hapa nikupe vipimo vya kukata.