Muulize Shangazi: Digrii ya biashara, niende darasani au nisomee kwenye simu?

Shikamoo shangazi. Mi nina miaka 31, mama wa watoto wawili, nipo Mbeya, nina duka la vipodozi pale Mwanjelwa na pembeni nafanya uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Nina diploma ya biashara nilimaliza 2016 GPA 3.2. Nataka digrii maana kila tangazo la kazi nzuri nikifungua wanataka digrii, alafu na mimi mwenyewe nimechoka kufunga hesabu kwa kukisia. Mume wangu anasema kama nasoma niende Dar nikae darasani kama watu, mdogo wangu ananicheka anasema siku hizi kila kitu onlaini. Kuna na chuo nimekiona Instagram, digrii ya biashara miezi 12 hamna mtihani, wanaangalia uzoefu wako tu, dola 900. Nichukue ipi?
Mama Duka, Mbeya

Marahaba mwanangu. Tuanze na hicho cha Instagram: hiyo dola 900 ongezea mzigo dukani. Digrii ya nje lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndo mwajiri wa hapa aihesabu, na digrii ambayo hujafanya mtihani hata mmoja sijui utaenda kuwaambia nini pale. Kabla hujalipa chuo chochote, cha ndani au cha nje, cha darasani au cha kwenye simu, ingia kwenye tovuti ya TCU au waulize wenyewe kama wanakitambua na kama hiyo kozi yenyewe ipo. Kazi ya dakika kumi na bando dogo.

Sasa Dar. Hapo mtanisamehe wewe na mzee wako, Dar mnaifuata nini? Mbeya hapohapo kuna kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, kuna TIA (Taasisi ya Uhasibu), kuna CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), zote zina kozi za biashara na uhasibu, yaani hata kama ni darasa darasa lipo daladala moja na duka lako. Nenda kawaulize ratiba ya hiyo kozi unayoitaka, siku gani na saa ngapi, na kama wana masomo ya jioni. Ukikuta vipindi vimetawanyika saa tatu asubuhi, saa nane mchana, Ijumaa saa kumi, jua duka umemwachia mtu. Na watu wakipiga hesabu ya chuo wanaangalia ada tu, wewe weka na mshahara wa binti wa dukani, weka na floti itakayopotea mikononi mwake (itapotea kidogo, usinibishie, nimekuwa na duka), weka na wateja watakaokuja wakukose wahamie kwa jirani. Kuna watu ada walimaliza kulipa vizuri tu ila duka walipohitimu halipo.

Kwa hali yako mi nakupeleka Chuo Kikuu Huria, OUT. Wana kituo Mbeya. Kilianzishwa kwa sheria ya bunge ya 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako kabisa, walio kazini na wenye familia. Kwa GPA yako ya 3.2 nadhani hutasumbuliwa, kinachotakiwa kwa mtu wa diploma ni kuanzia 3.0 na pasi nne za fomu foo, na ambaye hafiki hapo kuna kozi ya faundesheni hukohuko. Madesa na kazi unazipata kwenye mtandao, kuna siku za kukutana na walimu kituoni, na mtihani, sikiliza hapa, mtihani unaenda kukaa kituoni na msimamizi anakuangalia. Kwa hiyo mdogo wako anayekucheka mwambie onlaini siyo kulala kitandani na simu. Supu (mitihani ya kurudia) zipo, kudisco (kuondolewa chuo kwa kufeli) kupo.

Na huyo mzee wa "kama watu", mwambie Chuo Kikuu cha London kinawapa digrii watu wa mbali toka 1858, na Mandela digrii yake ya sheria aliipata 1989 kwa masomo ya mbali kupitia Unisa, chuo kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Sidhani kama kuna mtu alimuuliza alikaa dawati la ngapi.

Ila nisikudanganye. Na mimi nilisoma kwa mbali, chuo sitakitaja, mwalimu mmoja nilimwandikia imeili semista nzima hakujibu hata moja, nikawa nasoma kosti akaunti peke yangu usiku naona namba zinacheza. Kosti, takwimu, fainansi, haya ni masomo ambayo ukikwama hatua ya tatu huendi ya nne, na darasani unamgusa mwenzako bega anakuonyesha hiyo sekunde, nyumbani unalala na swali lako wiki mbili. Masoko au menejimenti unaweza kusoma kama gazeti, hesabu hapana. Kilichoniokoa mimi ni dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi halmashauri, tulikutana siku ya kujiandikisha tukabadilishana namba, kila Jumamosi tunakutana kwake na karatasi tunafanya maswali ya mitihani iliyopita mpaka jioni, ugali wake nimekula sana. Kwa hiyo siku ya kwanza kituoni usiondoke hujapata namba za watu watatu wa kozi yako wanaokaa Mbeya, na wawe wa kukutana kwa miguu, grupu la WhatsApp la watu 200 ni vichekesho na matangazo ya harusi tu.

Kama unawaza uhasibu wenyewe, kumbuka mbele kuna mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa, ya NBAA (bodi ya wahasibu), na ile karatasi ni moja kwa wote, haijali ulisomea darasani au nyuma ya kaunta.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Mwezi mzima amka saa kumi na nusu alfajiri, toa madesa yako ya diploma, soma mpaka watoto waamke. Chagua lile somo ulilokuwa unalichukia. Ukifika wiki ya nne bado unaamka, kachukue fomu. Ukiona wiki ya pili umeshaanza kusema kesho, basi wewe ni mtu wa darasani, na siyo aibu, tafuta la jioni.

Shangazi mambo, nina miaka 20 nimemaliza fomu siksi, natokea Tabora. Baba anataka nisome biashara onlaini ili nibaki kumsaidia mashine ya kusaga, anasema digrii ni digrii. Mi natamani kwenda chuo. Nakosea?
Kijana wa Tabora

Poa mwanangu, ila mi huniambii mambo, unaniamkia.

Hukosei. Yule mama wa juu biashara anayo, anatafuta karatasi na maarifa ya kuipanga. Wewe biashara unayoijua ni ya baba, na watu unaowajua ni wateja wa unga. Chuoni utabishana na watoto wa Kigoma na Moshi, utasimama kuwasilisha kazi miguu inatetemeka, utaenda fildi (mafunzo kwa vitendo) ofisi ambayo hakuna anayemjua baba yako. Hayo kwenye simu hayapatikani vizuri, hasa kwa umri wako ambao hata kujiamsha bado unaamshwa. Baba naye ana hoja, mashine inataka mtu. Mwambie likizo zote utakuwa kwenye mashine, na fildi mojawapo utamfungulia daftari la mapato na matumizi, dizeli, vipuri, madeni, kila kitu. Mwambie kabla hajakaa kula, akishakula anasinzia.