Jazz ya miaka ya 1920 "wote kelele moja"? Mkuu, anza na korneti tu

Mkuu mleta uzi, nimecheka. Umekulia kwenye kaseti za Morogoro Jazz za mzee wako, ukaingia mtandaoni kutafuta "jazz yenyewe", ukakuta mikwaruzo na watu saba wanapuliza kwa pamoja kama wanagombania chenji. Sasa unauliza: hawa wazee wa Marekani mnawatofautishaje, au mnajifanya tu?

Mimi nilijifanya, kama miaka miwili hivi. Tarumbeta nilijifunza kwenye bendi ya kanisani Kilimanjaro, nikaja Dar nikawa napiga harusini, baadaye bendi ya dansi. Mzee wetu mmoja wa tromboni ndiye aliyenipa kaseti ya hao watu akaniambia, "Sikiliza midomo." Sikumwelewa. Nilikuwa nasikiliza vidole, nani ana kasi kuliko nani, na kwa njia hiyo kweli wote wanafanana.

Kuhusu jina tuelewane haraka. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, wote walichukua neno. Muziki wao ni dansi lenye damu ya rumba, na gitaa ndilo linaloongoza. Usimtafute Mbaraka Mwinshehe New Orleans, mji wa Marekani jazz hii ilikotoka, hutampata.

Halafu sehemu ya hiyo kelele si yao, ni ya mashine. Kabla ya 1925 hivi walirekodi bila maikrofoni. Bendi nzima inajipanga mbele ya pembe kubwa, sauti inasukuma sindano, sindano inachora kwenye nta. Ngoma kubwa ikipigwa sindano inaruka, kwa hiyo Baby Dodds, mpiga ngoma hodari kabisa, kwenye rekodi za 1923 unamsikia akigonga vipande vya mbao tu. Studio ya Gennett kule Richmond, Indiana, ilikuwa kando ya reli. Treni ikipita, kazi inasimama. Unapowasikiliza ni kama unachungulia ngoma kupitia tundu la ufunguo.

Na kule kupuliza kwa pamoja kuna mpango. Umeshaona matarumbeta ya harusi nyuma ya pikapu hapa mjini? New Orleans walikuwa na magari ya farasi yanayozunguka mtaani kutangaza dansi la jioni. Wa tromboni aliwekwa mwisho kabisa, ubao wa nyuma umeshushwa, ili ule mkono wa chombo chake upate pa kwenda bila kumvunja mtu meno. Korneti (binamu wa tarumbeta, mfupi kidogo) inabeba wimbo, klarineti inapita juu ikidarizi, tromboni inajibu chini kwa kuvuta sauti. Kid Ory ndiye bingwa wa huo uvutaji. Ukijua nani anakaa wapi, ugomvi unageuka mazungumzo.

Sasa ushauri wangu: achana na wengine wote, fuata korneti.

Anza na King Oliver, "Dipper Mouth Blues", 1923. Ikifika zamu yake anapiga mizunguko mitatu (mzunguko ni wimbo kupita mara moja tangu mwanzo hadi mwisho), na noti zenyewe si nyingi. Kinachofanya kazi ni sauti: anaziba na kufungua mdomo wa korneti hadi inalia "waa-waa" kama mtoto anayedai kitu. Alitumia vikombe, bilauri, chochote kilichoziba. Mimi nilijaribu kwa kifuu cha nazi. Usicheke, kinafaa kuliko vingi nilivyonunua, ila nilikaa na kile kifuu wiki tatu kabla sijagundua kwamba mkono hauzibi ovyo. Unaziba pale ambapo mtu anayeongea angefunga mdomo. Hapo ndipo neno la mzee wangu lilipoingia kichwani. Wapulizaji waliomfuata waliiga ile mizunguko noti kwa noti, na Bubber Miley akaichukua sanaa hiyo ya kuziba, akaongeza mngurumo wa kooni, akaipeleka kwenye bendi ya Duke Ellington.

Oliver huyohuyo ndiye aliyemwita kijana wake Louis Armstrong aje Chicago mwaka 1922, awe korneti ya pili. Lil Hardin, mpiga piano wa bendi ile ambaye baadaye aliolewa na Louis, alisimulia kwamba siku ya kurekodi ilibidi Louis asimamishwe mbali na wenzake kwa sababu alikuwa anamfunika bosi wake. Mwanafunzi kapelekwa kule mlangoni, na bado anasikika!

Kisha ruka hadi 28 Juni 1928, "West End Blues". Utunzi ni wa Oliver, anayepiga ni Armstrong, wakati huo kashahamia kwenye tarumbeta. Anafungua peke yake, bila ngoma wala piano, sekunde kumi na kitu, anapanda na kushuka hadi unasahau kuvuta pumzi. Kila mpiga tarumbeta mjinga anaanza kuiga pale. Nami nilikuwa mjinga, nilikaa miezi kwenye chumba cha kupanga Kinondoni nikiukwaruza mwanzo ule, mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama kuna msiba. Siku nilipozipata noti nikajirekodi kwa simu. Noti zote zilikuwepo. Armstrong hakuwepo.

Kumbe siri iko mwishoni. Mzunguko wa mwisho anashika noti moja ya juu, anaishikilia karibu baa nne (baa za muziki, yaani mafungu ya mapigo, si zile unazozijua), hafanyi lolote jingine, na huku piano ya Earl Hines na wenzake wanaendelea chini yake. Halafu anaiachia na maneno yote yanamwagika kwa mkupuo. Yeye hafukuzani na mdundo. Anauacha upite, anaurudia akitaka. Ukishaisikia tabia hiyo utamtambua popote, hata anapoimba, kwa sababu anaimba vilevile.

Wa tatu ni Bix Beiderbecke, na hapa nitapingana na wadau watakaosema ni mzungu aliyependelewa. Sikiliza "Singin' the Blues" ya 1927 kwanza. Kijana wa Davenport, Iowa, alijifunza kwa kufuatisha sahani za santuri nyumbani, akaishia na vidole ambavyo mwalimu yeyote angevichapa fimbo: noti ambayo wengine wanaipata kwa pistoni hii (kitufe cha korneti), yeye anabonyeza nyingine. Lakini sauti yake ni kengele. Haiangui kilio kama Oliver, haipandi kileleni kama Armstrong. Kila noti inagongwa mara moja, safi, na inaachwa. Pombe ilimmaliza mwaka 1931, ana miaka 28. Mimi niliyejifunza kwa sikio nampenda kwa sababu za kibinafsi, nakiri.

Hao watatu wakikukaa, wengine watakuja wenyewe. Jelly Roll Morton kwenye piano alijitapa kwamba jazz kaivumbua yeye mwaka 1902, maneno ya mjini hayo, lakini sikiliza mkono wake wa kushoto unavyoingiza mapigo ya Karibi ndipo umcheke. Buddy Bolden utaambiwa korneti yake ilisikika maili kadhaa. Hakuna rekodi yake hata moja inayojulikana, kwa hiyo anayekwambia anafahamu upigaji wake anakusimulia hadithi.

Sidney Bechet nimemwacha mwisho kwa makusudi. Klarineti na saksafoni ya soprano, mtetemo mpana wa kasi, mtu asiyetaka kukaa juu na kudarizi kama klarineti wengine. Anataka wimbo wenyewe. Tafuta "Cake Walking Babies from Home" ya mwaka 1925 akiwa na Armstrong, bendi ya Clarence Williams. Ziko rekodi mbili za wimbo huo zilizopishana muda mfupi. Ile yenye jina la Red Onion Jazz Babies, ya mwishoni mwa 1924, Bechet anamkalia Louis kooni. Ile ya Januari 1925, Louis amekuja kulipa deni.

Zisikilize zote mbili kwa spika za masikioni, si spika ya simu, kisha rudi hapa uniambie ya kwanza ni ipi bila kuangalia jina. Ukikosea si tatizo, mimi nilikosea mara mbili. Na huyo jamaa wa post #14 anayesema Bechet anapiga tarumbeta, tafadhali asikilize tena.